Unameza na Nini?

Viatu vyake vilianza kufundisha kabla yake. Ulivisikia tangu kona ya maabara, ko-ko-ko-ko, viatu vyeusi vya ngozi vilivyolika kisigino upande mmoja, na kabla hajafika mlangoni sisi wa benchi la nyuma tulikuwa tumeshameza mahindi ya kuchoma bila kuyatafuna. Sisemi kwamba alitembea haraka. Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi hapa, na kila mtu anayekimbia mvua hutembea haraka. Madam alitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni yanachemka, na alitembea hivyo kila siku, hata Jumapili akitoka kanisani.

Chuoni kwetu wapo madam wengi. Yupo wa anatomia, yupo wa uzazi, yupo wa afya ya jamii. Lakini ukisema Madam, basi, bila mkia, kila mwanafunzi wa uuguzi alijua unamsema yule wa famakolojia, somo la dawa, somo linaloongoza kwa watu kurudia mitihani na kurudi kwao kulima viazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuliangalia jembe la nyumbani kwa jicho la kulizoea, mpaka huyu mama aliponishika sikio. Namwandika kwa sababu hiyo, na kwa sababu ulifika muhula ambao tulibakiza kidogo tumpoteze, akiwa hai, akiwa amekaa palepale mbele yetu.

Aliniita Redio. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini.

"Kwa sababu huzimiki," akasema, "na hakuna anayekusikiliza."

Darasa lilicheka hadi vioo vikatetemeka. Atupele, jirani yangu wa benchi, binti mpole anayesali hata kabla ya kunywa uji, naye alicheka, na sijamsamehe.

Madam hakupenda maana za kukariri. Ukimpa maana kama ilivyo kitabuni alikutazama kama mtu aliyeletewa ugali usioiva.

"Redio, nusu-maisha ya dawa ni nini?"

"Ni muda ambao kiwango cha dawa kwenye damu kinapungua na kubaki nusu, Madam."

"Vizuri. Sasa nieleze kama unavyomweleza bibi yako."

"Bibi yangu ameshafariki, Madam."

"Mwamshe."

Madam alikuwa ameshafika dirishani, ameshageuka, anarudi. Hakuwahi kufundisha akiwa amesimama sehemu moja. Shingo zetu zilimfuata huku na huko kama tunaangalia mpira. Akasema: "Mmekata mkungu wa ndizi, wageni wamejaa nyumbani. Leo wanakula nusu ya mkungu. Kesho wanakula nusu ya kilichobaki. Keshokutwa nusu ya hicho. Kazi yako muuguzi ni kujua lini ukate mwingine. Ukiwahi mno, ndizi zinarundikana na kuoza ndani. Ukichelewa, watoto wanalala njaa. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa anaambiwa saa za kumeza. Hatumwambii kwa kupenda amri."

Tangu siku hiyo sijaona mkungu wa ndizi nikautamani bila kwanza kuugawanya.

Kila neno gumu alilitafutia nyumba huku kwetu. Siku ya dozi ya kuanzia aliuliza, "Nani hapa amewahi kuwasha kuni za Tukuyu mwezi wa nne?" Mikono yote juu. "Unaanza na nini?"

"Magunzi mengi, karatasi, mafuta ya taa kidogo na matusi," nikajibu.

"Toa matusi. Yaliyobaki ndiyo dozi ya kuanzia, kubwa, ili moto ushike. Ukishashika unaongeza kijiti kimoja kimoja. Hiyo ni dozi ya kuendeleza. Anayeendelea kutupia magunzi moto ukiwa umeshashika anachoma nyumba."

Ini, kwake, lilikuwa shangazi anayekaa njiani. Umetoka Isongole na gunia la viazi kwenye bodaboda, unampelekea mama yako, lakini lazima upite kwa shangazi, na shangazi lazima aonje. Kinachofika kwa mama ni kile alichobakiza shangazi. "Ndiyo maana dawa nyingine tunazichoma sindano," alisema huku akifunga mwavuli wake uliogoma kufungika. "Tunapita njia ya nyuma, shangazi asituone."

Na kipokezi cha dawa kilikuwa kiti. Dawa rafiki inakaa kwenye kiti na kufanya kazi ya kiti. Dawa pinzani inakaa tu. "Haifanyi chochote, na inamzuia mwenye kazi asikae. Mfano mnao, yuko benchi la nyuma, anatafuna mahindi." Nikameza.

Alikuwa na misemo yake ambayo wengine tuliiandika nyuma ya madaftari na wengine mlangoni mwa choo. "Dawa isiyo na madhara hata kidogo haina kazi pia." Huo ulikuwa mlangoni. Mwingine: "Mgonjwa hakudanganyi, ila hujamuuliza." Huu nao una kisa chake.

Tulikuwa fildi, mafunzo ya vitendo, kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Nkunga. Alikuja mama mjamzito, msichana tu, damu yake iko chini na haipandi, na vidonge vya kuongeza damu alishapewa tangu mwanzo. Muuguzi wa zamu alimkaripia mbele yetu: wewe vidonge humezi, unavitupa migombani. Msichana aliapa kwa Mungu na kwa mtoto wake aliye tumboni. Machozi yakaanza. Madam alikuwa mlango wa pili akihesabu mikoba pamoja na dereva; akaja kwa zile ko-ko-ko zake, akachuchumaa mbele ya yule binti mpaka goti likagusa sakafu.

"Mwanangu, unameza na nini?"

"Na chai, mama. Maji yetu ya baridi, yanauma mpaka meno."

Madam akamshika mkono, akamwelekeza taratibu: maji, kama ni ya baridi yapashe moto, na chai ingoje. Hakumsema yule muuguzi pale. Alitusubiri nje, chini ya mwavuli, sisi tukilowa.

"Mmesikia? Alikuwa anameza. Chai inayakamata yale madini ya chuma ya kidonge tumboni, inatoka nayo. Mtoto wa watu ametukanwa bure. Mkimuuliza mgonjwa kama anameza, atasema ndiyo, na ndiyo hiyo haitawaambia kitu. Muulizeni anameza na nini. Hapo atawaambia maisha yake yote."

Huku kwetu ni kweli kabisa. Baridi ya Tukuyu ikikaza, hakuna mtu mzima anayekunywa maji asubuhi. Kidonge kinashushwa na chai, watoto wanafunzwa hivyo, na chai tunayo milima kwa milima.

Na Madam mwenyewe? Chupa yake ya chai ilikuwa na mkanda, aliivaa begani kama askari. Alikataza kula darasani, kisha yeye akanywa chai katikati ya mtiririko wa sentensi. Alikuwa na mambo yasiyopatana, na nadhani ndiyo maana tulimpenda, kama neno hilo linaruhusiwa. Alifundisha kuchoma sindano vizazi kwa vizazi vya wauguzi, lakini siku ya chanjo alifumba macho, akageuza uso ukutani na kunibana vidole. Alikuwa anaweza kumfokea mwanafunzi mpaka alie, na jioni ileile ukaona hotipoti ya mbalaga imefika bwenini, ndizi zimepikwa kwa maziwa hadi zimelegea, bila salamu wala jina. Ukimshukuru kesho yake anakuuliza mbalaga gani.

Shingoni alikuwa na kovu, mstari mwembamba kama mkufu. Mwalimu mwingine angelifunika. Yeye alilifundishia.

"Hapa palikuwa na tezi. Ilivimba, ikatolewa. Tangu hapo mwili wangu hautengenezi ile homoni, naimeza mimi mwenyewe, kidonge kidogo kuliko punje ya maharage. Mnaona ninavyotembea? Kidonge hicho ndicho kinachotembea. Nisipokipata nazimika polepole, kama tochi." Akatupa na masharti yake: alfajiri, tumbo tupu, maji ya vuguvugu, na chai isikaribie mpaka muda upite. Tuliandika. Yaliulizwa kwenye jaribio. Nilipata.

Sasa niseme kuhusu kipaji changu. Mimi namwigiza mtu yeyote, na Madam nilimwigiza kuliko wote. Nilijitanda kitenge, nikavaa chupa ya chai begani, nikashika mwavuli, ko-ko-ko-ko kutoka dirishani hadi mlangoni: "Redio, mwamshe bibi yako." Watu walishika mbavu. Kumwigiza mtu si mchezo, lazima umtazame. Unajua anaanza na mguu gani, anavuta pumzi wapi. Wenzangu walimsikiliza Madam, mimi nilimtazama.

Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kuona.

Tuliporudi kutoka likizo ya katikati ya mwaka, ukungu umeshuka hadi kwenye madirisha, viatu vilikuja hivi: ko. Ko. Ko. Benchi la nyuma tulifurahi, tulipata muda wa kutafuna. Madam aliingia amevaa sweta, na juu ya sweta koti, na juu ya koti kitenge. Nami, kama fundi anayeheshimu kazi yake, nikarekebisha igizo. Nikatembea polepole, nikaburuta mguu. Siku ya kwanza darasa lilicheka. Siku nyingine walicheka nusu. Kisha Atupele akaniambia, bila kunitazama, "Acha, wewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umempatia kabisa."

Wiki iliyofuata Madam alikaa. Mnaosoma hamjui uzito wake. Alivuta kiti, kile kiti ambacho kwa miaka kilikuwa cha kuwekea mwavuli, akakaa, akafundisha amekaa. Sauti ilikuwa imekwaruza, uso umejaa kama mtu aliyeamka sasa hivi. Alikuwa anarudia somo la ini, akafika, "Kisha gunia linapita kwa... linapita kwa yule..." Neno lilikuwa limemtoka. Darasa zima tukamwambia, kwa upole kama tunavyomjibu mtoto, "Shangazi, Madam."

"Ndiyo. Shangazi," akasema.

Hakuna aliyecheka, na mimi sikuweza kutulia. Miguu ilikuwa inacheza chini ya benchi, nilivunja kalamu, nilitoka nje mara mbili nikarudi bila kujua nilichofuata.

Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe kutueleza. Hali ya Madam si nzuri. Atapumzika nyumbani, hospitali wanamfuatilia, lakini asipopata nafuu kufikia mwisho wa muhula somo litachukuliwa na mwalimu mwingine, na yeye ataombewa kustaafu kwa ugonjwa. Alisema kwa adabu zote. Mimi nilisikia kitu kimoja tu: kwamba yule mama atakalishwa kwenye kiti, moja kwa moja.

Jumamosi tukaenda kumwona, mimi na Atupele, tumebeba maparachichi na ndizi tulizochangiwa na darasa. Anakaa Bagamoyo, mtaa wetu wa hapahapa Tukuyu, nyumba yenye banda la ng'ombe nyuma. Aliyetufungulia ni mama yake mzazi, bibi mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, ambaye tangu baridi ianze alikuwa amehama kijijini kuja kumtunza binti yake.

"Ugonile, bibi," Atupele akasalimia akipiga goti. Mimi nikapiga goti nusu, sakafu ilikuwa na maji.

"Ndaga, wanangu, ndaga fijo, asanteni. Ingieni, baridi litawauma."

Madam alikuwa kwenye kochi, blanketi magotini. Aliniona akasema, "Redio," na lile neno lilichukua muda kufika mwisho.

Bibi alituletea chai ya maziwa, nzito, ya kwao hasa. Akakaa kwenye kigoda, akatueleza habari za mgonjwa kwa Kiswahili chake cha kukanyagana na Kinyakyusa. "Huyu, baridi limemwingia mifupani. Alikuwa anaamka anakunywa maji, gwe, maji, alfajiri. Nikasema hapana, maji ya alfajiri ni ya ng'ombe. Sasa mimi ndiyo naamka, nawasha moto, nampelekea chai kitandani na kale kadawa kake. Anameza mbele yangu. Siku hata moja hajaruka."

Alisema kwa fahari, na alikuwa na haki nayo. Kisha akachukua kindoo, akaenda bandani.

Mimi niliweka kikombe changu chini. Nilimtazama Madam. Madam alitazama dirisha.

"Madam, nina swali. La mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Yuko Bagamoyo. Alitolewa tezi. Kidonge anameza kila siku, hajaruka, lakini anazimika."

Atupele alinifinya mpaka leo pana alama. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Swali lenyewe liko wapi?" akauliza Madam.

"Anameza na nini?"

Nilidhani atanifukuza, nikaanza kutafuta kiatu kwa mguu.

"Na chai ya maziwa," akasema. "Kikombe kikubwa. Endelea."

"Ufyonzwaji, Madam. Chai na maziwa vinakizuia kidonge, sehemu kubwa haiingii kwenye damu."

"Inakwenda wapi?"

"Chooni."

"Sema kama muuguzi."

"Inatolewa mwilini bila kufyonzwa."

"Sawa." Akavuta blanketi. "Mwanzoni nilijua. Nikasema nitamwambia kesho. Lakini yule ni mama yangu. Anaamka giza, anapuliza moto, mkono unatetemeka, na kikombe kinafika kimejaa. Nimwambie nini, kwamba chai yake ndiyo inaniumiza? Kesho ikafuata kesho. Baadaye nikaacha hata kufikiri. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo, unakupunguzia kufikiri. Na hospitali hakuna aliyeniuliza. Nani atamuuliza mwalimu wa dawa anameza na nini? Juma lijalo wanataka kuniongezea dozi."

"Wakikuongezea, halafu chai ikaacha kuja?"

"Nitakimbia badala ya kutembea. Mtaniona napita dirishani."

Ulikuwa utani wa kwanza tangu likizo. Nikathubutu. "Basi mwambie bibi leo."

"Mimi siwezi. Mwambie wewe. Si ndiyo Redio?"

Bibi alirudi na maziwa yanatoa moshi. Nilikuwa nimewahi kuchekesha bwalo zima la chakula, lakini yule hakuwa bwalo, alikuwa mama wa mtu. Ukimwambia mzazi kwamba mapenzi yake yamemdhuru mtoto, unamwambia nini baada ya hapo? Nikamkumbuka bibi yangu marehemu. Nikamwamsha.

"Bibi, zamani hapa kwetu mkamwana akikutana na baba mkwe njiani anafanyaje?"

Bibi akanishangaa. "Hawakutani. Akimwona tu anaingia migombani. Akisikia sauti yake ndani, haingii. Ni heshima."

"Na akikaa mlangoni, huyo baba mkwe?"

"Basi mkamwana atakaa nje mpaka giza."

"Bibi, kale kadawa ni mkamwana. Kana haya sana. Na chai yako ya maziwa ndiyo baba mkwe, mzee mzito, mwenye nyumba. Wakija pamoja mlangoni, kadawa kanakimbilia migombani."

Atupele akalitafsiri lile kwa Kinyakyusa, taratibu, akiwa ameinamisha macho. Bibi akaweka kindoo chini. Akamtazama binti yake, akatazama kikombe, akatutazama sisi.

"Kumbe," akasema. "Baridi lote hili mkamwana wangu yuko migombani, mvua inamnyeshea."

"Si kosa lako, bibi. Hukuambiwa kwamba ni wakwe."

"Sasa afanyeje?"

"Umletee maji wewe mwenyewe, uyapashe kwenye moto wako. Kadawa kaingie kwanza, kakae, kazoee nyumba. Baba mkwe aitwe baadaye."

"Baadaye lini?"

Nikamgeukia Madam. Hakunisaidia, alinyanyua nyusi kama siku za mtihani wa mdomo.

"Ukimaliza kukamua ng'ombe na kuchemsha maziwa," nikasema. "Hapo ndiyo umkaribishe."

Bibi akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, kisha kikubwa, akajipiga paja. "Huyu mtoto ni wa nani, gwe?" akamuuliza Madam.

"Hajulikani," Madam akajibu. "Tulimkuta benchi la nyuma."

Hospitali Madam alikwenda, akawaambia mwenyewe, dozi haikuongezwa. Lakini homoni ile nusu-maisha yake ni ndefu, mkungu wake haujai kwa siku moja. Sisi tuliendelea kuhesabu mwisho wa muhula ukija. Kila kiatu kilichopita kwenye korido kiligeuza vichwa, na kilikuwa cha mtu mwingine.

Asubuhi moja, kipindi cha famakolojia hakina mwalimu, nilishindwa kukaa. Nikajitanda kitenge, nikavaa chupa begani, nikashika mwavuli. Sikutaka kumcheka mtu. Nilitaka tu awepo. Nikapita mbele ya ubao kama alivyopita mara ya mwisho. Ko. Ko. Ko. Hakuna aliyecheka. Nikaona macho ya Atupele yamehama kutoka kwangu, yako mlangoni.

"Huyo ni wa mwezi uliopita," ikasema sauti nyuma yangu, bado imekwaruza kidogo. "Redio, unanichelewesha. Rudia."

Nikarudia, kwa mwendo wote nilionao. Kabla sijafika dirishani alikuwa ameshanipita.